Mwewe wa Kadutu, shorobo wa Kahuzi: ndege wa mji wakijaa, wa msitu wanapona?

Juu ya soko la Kadutu mwewe huzunguka mchana kutwa, wakivizia utumbo wa samaki na mabaki ya nyama. Kunguru wenye vifua vyeupe wamejipanga juu ya mabati, yangeyange wanachambua jalala. Ndiyo maana hapa Bukavu, ukisema kwamba ndege wa Kivu wako hatarini, unachekwa: ndege gani, hao wanaotupokonya brosheti mkononi?

Kicheko hicho kina haki yake. Mwewe wamenufaika kweli na mji huu: chakula cha bure, mikalitusi mirefu ya kujengea viota, wala hakuna anayejisumbua kuwawinda. Ziwani nako kuna la kujifunza. Sambaza si samaki wa asili wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha maelfu ya familia. Pale wanapoanikwa, ndege nao hupata fungu lao. Kwa hiyo anayehubiri kwamba kila kinachoguswa na mkono wa mtu kinaharibika, aanze kwa kutueleza sambaza.

Ila wingi wa ndege haukuambii ni wa aina ngapi. Wanaoshamiri mjini ni wale wale wachache, wanaokula chochote na kujenga popote. Nenda Bujumbura, nenda Kampala, utawakuta tena. Kisha panda kama kilomita 30 kutoka mjini hadi Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Orodha iliyokamilishwa mwaka 2003 ilihesabu humo aina 349 za ndege, na 32 kati yao hawapatikani nje ya ukanda huu wa milima ya Bonde la Ufa la magharibi. Yumo shorobo wa Rwenzori, anayefunua wekundu wa mbawa zake pale tu anaporuka. Yumo chozi wa Rockefeller, ambaye makao yake karibu yote ni vilele vya mashariki mwa Kongo. Wamo ndege wadogo wa kahawia wanaoishi kwenye matete ya vinamasi vya mlimani, wasiopendeza kwa picha na wasiotajwa kwenye hotuba yoyote.

Hakuna hata mmoja wa hao atakayehamia Kadutu. Kila mmoja amefungwa na kimo chake cha mlima: baridi yake, mianzi yake, matunda yake. Hali ya hewa ikizidi kuwa joto, watapanda juu zaidi, lakini Kahuzi unaishia mita 3,308. Upande wa magharibi ilibaki njia nyembamba ya Nindja, inayounganisha msitu wa mlimani na ule mkubwa wa bondeni, na njia hiyo imejaa mashamba, malisho na machimbo. Kasuku wa kijivu wa huko bondeni ndiye ndege wa msituni ambaye mji umemkaribisha kwa moyo mmoja, ndani ya tundu. Biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa uamuzi wa mwaka 2016, lakini tundu la sebuleni halisomi mikataba.

Wapo wanaosema dawa ni kupanda miti, na kwamba milima ya Bukavu ikiwa kijani tena ndege watarudi. Mti gani? Shorobo na hondohondo hula matunda na kuzidondosha mbegu mbali na mti mama. Bila wao sehemu kubwa ya msitu haipandiki. Mueri, ambao gome lake limeuzwa Ulaya kwa miaka mingi kutoka milima hii kwa ajili ya dawa za tezi dume, husambazwa na ndege wa namna hiyo. Ukiuchuna mti pande zote, unakufa. Ukiwapoteza wanaobeba mbegu zake, hata ule uliosalimika haupati warithi wa mbali. Mkalitusi hauna tunda la kumpa shorobo. Unashika udongo kidogo, unatoa mbao na kuni, na mwewe anaupenda. Sina ugomvi nao, mradi tusiuite msitu.

Upande wa pili una watu wanaotaka nguvu zote ziende hifadhini: walinzi zaidi, mipaka zaidi, bunduki zaidi. Kwa hesabu ya ndege peke yake, wana hoja nzito, kwani aina zisizo na kwingine kwa kwenda ziko huko. Lakini hifadhi hii ina deni. Ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Batwa, wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi msituni, wakatolewa bila fidia. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2024, ulisema serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Mlinzi anayemfukuza mwenye msitu kwa jina la ndege hajengi ulinzi wa kudumu, na vita vya miaka hii vimeonyesha jinsi mlinzi mwenyewe anavyoweza kuondoka kwa usiku mmoja.

Wakosoaji wa Batwa hutaja mwaka 2018. Baadhi ya familia zilirudi kwenye eneo la mlimani, kisha miti ikakatwa na makala, yaani mkaa, yakachomwa. Ni kweli, yalitokea. Swali ambalo halipendwi mezani ni nani aliyenunua makala hayo. Yalishuka yakaja mjini, kwenye majiko ya Ibanda, ya Bagira, ya Panzi. Mto Ruzizi unazalisha umeme hapo hapo tunapoishi, na bado umeme unakatika kiasi kwamba hakuna mama anayethubutu kuutegemea kwa maharagwe yanayochemka kwa muda wa saa tatu. Mji unaolisha mwewe ndio unaochoma msitu wa shorobo.

Ndiyo maana naona mabishano kati ya ndege wa mji na ndege wa msitu yanapoteza muda. Fedha za spishi adimu ziende mlimani, hilo sina shaka nalo. Vita vya makala vipiganwe mjini, kwenye umeme, gesi na majiko, kwa sababu mnunuzi yuko hapa. Miti michache ya zamani iliyobaki kwenye viwanja vya Muhumba, inayoangushwa kila ghorofa jipya linapoanza, ina thamani kwa chozi wa bustanini na kwa kuzuia mmomonyoko, lakini haitaokoa aina hata moja kati ya zile 32.

Kuhusu Batwa, hati za ardhi ni haki yao, ndege wapone wasipone. Ila hati peke yake haitamzuia mfanyabiashara anayewatanguliza mbele, akachukua makala na faida, kisha akawaachia kesi. Huyo hakai msituni, na mara nyingi lori lake halisimamishwi kwenye kizuizi chochote hadi linafika sokoni.