Kufundisha mbele ya wanachuo wenzako: faida na mipaka yake

Kabla ya kupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, mwanagenzi wa ualimu hapa Mombasa husimama kwanza mbele ya wanachuo wenzake na kufundisha kipindi kifupi, huku wao wakijifanya watoto wa Gredi ya Nne na mkufunzi akimtathmini kutoka nyuma ya darasa.

Watetezi wa zoezi hili wana hoja nzito. Kuandika andalio la somo ni kazi moja na kulitekeleza ukitazamwa ni nyingine. Ndipo mtu hugundua kwamba huzungumza akiwa amelipa darasa kisogo, au kwamba utangulizi umemaliza nusu ya muda. Ni heri makosa hayo yatokee chuoni kuliko Likoni au Kisauni, ambako anayeyalipia ni mtoto.

Hata hivyo, wenzake hawawezi kumpa kitu kimoja, nacho ndicho kikubwa: kutoelewa kwa kweli. Mtoto anayeanza hesabu za sehemu huweza kuamini kwa dhati kwamba thumni inaizidi robo, kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne, na imani hiyo haing'oki kwa maelezo ya mara moja. Mwanachuo anayejifanya haelewi hukosea kwa adabu, akaelezwa, akaelewa papo hapo, na mwalimu akaketi akidhani amefundisha. (Wale wanaoomba ruhusa ya kwenda msalani kila dakika huchekesha, lakini hilo si darasa bali ni maigizo.) Maoni yao nayo huelemea sauti na vifaa, ni wachache watakaosema kwamba mfano wa chungwa lililokatwa vipande kueleza sehemu ulipotosha, maana kesho zamu ni yao.

Mtindo huu ulipoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, walioketi mbele ya mwanagenzi walikuwa wanafunzi halisi, wachache tu, na baada ya kukosolewa alilifundisha somo lile upya kwa kikundi kingine. Kuwapata watoto saa za masomo si rahisi, kwa hiyo siwalaumu wakufunzi wanaowatumia wanachuo. Ninachokiona kuwa hasara isiyo ya lazima ni kuliacha lile jaribio la pili, kwa kuwa alama zikitolewa kwenye jaribio la kwanza pekee, mwanagenzi ana kila sababu ya kuchagua mada nyepesi asiyoweza kuulizwa swali gumu.