Eti Bahati

Jumatano ya kwanza ya mwezi, niko nyuma ya bodaboda nawahi kazini, tukakunja sheli. Dereva, kijana wa mtaani kwetu, kavaa jezi ya Man City, kifuani imeandikwa Etihad, shirika la ndege la Abu Dhabi. "Weka ya elfu tano," akamwambia mhudumu. Kisha macho yakatua kwenye bei mpya za mafuta za EWURA, wale wadhibiti wa nishati. Akasonya, akanigeukia: "Waarabu wana bahati, dada. Wamekalia tu mafuta."

Nilinyamaza, lakini neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Bahati! Mafuta kuwa chini ya mchanga wako ni bahati, sikatai. Ila Kuwait walianza kuweka akiba ya hela za mafuta mwaka 1953, miaka 8 kabla ya uhuru. Bado wako chini ya kwapa la Mwingereza, na tayari hela yao iko London inazaa. Saddam wa Iraq alipowavamia mwaka 1990, aliteka mji, visima, hadi kasri ya mtawala. Akiba hakuigusa. Serikali ikakimbilia Saudia, ikawalisha raia wake waliotawanyika kwa hela ileile, na vita vilipoisha ikajengea nchi. Hebu fikiria: nchi imechukuliwa, hela ipo.

Na Norway je? Huko hakuna hata ngamia wa kumsingizia. Sheria ya mfuko wao wa akiba ya mafuta ni ya mwaka 1990, hela ya kwanza ikaingia 1996, na leo wana takribani asilimia 1.5 ya hisa zote zinazouzwa kwenye masoko ya dunia. Wamejiwekea kuchota kama asilimia 3 tu kwa mwaka. Wana hela zote hizo na bado wanajibana!

Ndiyo maana wenye akiba kama hizi wakitaka kununua kitu hawabishi hodi. Mfuko wa Saudia ulipochukua asilimia 80 ya timu ya Newcastle, Uingereza, mwaka 2021, watetezi wa haki za binadamu walipiga kelele. Mashabiki wakaja uwanjani na vilemba vya Kiarabu.

Haya, Waarabu hao wako wachache, na maghorofa yale yamesimama kwa jasho la wageni. Dada zetu wanaonyang'anywa pasipoti wakifika kule, hilo siwasamehe.

Lakini sisi? Gesi ya Songo Songo inatoka tangu 2004. Bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, linakuja Tanga, kilomita 1,443, na ubishi wote ni fidia na ajira. Ni haki kabisa. Ila senti ya kwanza itakaa wapi, nani anauliza? Sheria ya mfuko wa mafuta na gesi tunayo tangu 2015. Karatasi hatujawahi kukosa. Na mashangingi mapya ya vioo vyeusi, naona foleni imeshaanza kupangwa.

Nilipofika kazini nikampa dereva elfu mbili yetu ya kila siku. Akaitazama, hakuikunja.

"Dada, leo ongeza mia tano."