Aulize pia kuta ambazo hazionekani

Nimesoma hii stori ya mwandishi wa safari anayezunguka dunia akitafiti kuta na fensi zinazotenga watu na imenigusa sana, hasa hapo kwa Belfast, Ireland Kaskazini. Zile kuta zilianza kujengwa 1969 ati ni za muda tu, kutenga Wakatoliki wa mtaa wa Falls na Waprotestanti wa mtaa wa Shankill, mkataba wa amani ukasainiwa 1998 lakini bado ziko na mageti mengine hufungwa usiku mpaka leo. Ule wa Berlin ulikaa miaka 28 ukaanguka, hizi zimepita hamsini jamani!

Mimi ni wa Nakuru, naishi Rhonda karibu na fensi ya stima ya mbuga. Hiyo sina shida nayo, inazuia nyati wasiingie mtaani na inalinda vifaru. Yenye inaniuma ni ya 2008. Hakuna mtu aliweka hata jiwe moja lakini baada ya ile vita ya makabila ya baada ya uchaguzi watu walihama, huyu akauza ploti bei ya kutupa, huyu akabadilishana nyumba na jirani wa kabila lingine, na mpaka sai kuna barabara ukivuka tu unasikia lugha imebadilika. Mamangu alikuwa na kastoma wake wa mboga upande ule, wengine walikuwa marafiki wa kanisa kabisa, na tangu wakati huo hajawahi rudi huko.

Huyo mwandishi akifika huku asipige picha za fensi peke yake, aulize wamama wa soko ni njia gani waliacha kupitia.