Athari ya Hall si ngeni

Makala ninayoijibu hapa inaiita athari ya Hall isiyo ya kawaida (volteji inayojitokeza ubavuni mwa mkondo wa umeme kutokana na hali ya kisumaku ya maada yenyewe, si sumaku ya nje kama ilivyo kwa athari ya kawaida) ugunduzi wa juzi, ilhali Edwin Hall mwenyewe aliiona ndani ya chuma muda mfupi baada ya kugundua ile ya kawaida mwaka 1879. Kilicho kipya ni maada za kitopolojia, yaani zile ambazo mpangilio wa elektroni zake huzipa sifa za pekee za umeme, kama Mn3Sn (kampaundi ya manganizi na bati), ambayo mwaka 2015 ilionekana kutoa volteji hiyo ya ubavuni katika joto la kawaida la chumba, ingawa usumaku wake ni hafifu mno, na kwa hivyo kihisi cha usumaku kilichotengenezwa kwayo hakivisumbui vifaa vilivyo jirani. Nilipofungua akselereta ya baiskeli ya umeme hapa Chake Chake, nilikuta kihisi cha Hall cha kawaida, kidude cheusi ambacho miguu yake mitatu imeliwa na hewa ya chumvi. Kutu hiyo makala haikuigusa kabisa.