Mshenga Aliyelala Ukweni

Kabla hamjaendelea kucheka kwa maneno ya yule rafiki yangu niliyekwenda naye posa, eti mimi mshenga nilizimia ukweni niliposikia mahari, nisikilizeni na mimi. Sikuzimia niliposikia mahari. Mahari yenyewe ilikuwa haijatajwa!

Jamaa yetu wa hapa Tanga anaoa Pemba. Mjomba wake akaugua, ushenga nikaangushiwa mimi kwa kuwa nina mdomo. (Mnaosema "huo mdomo tunaujua", nawaona.) Mimi na bahari hatupatani, mkondo wa Pemba ulishanitapisha mbele za watu, nikaona bora ndege. Na ndege nayo nikaiogopa. Duka la dawa Barabara ya 13 wakaniuzia kidonge cha kichefuchefu: umeze saa moja kabla ya safari, na ujue kinaleta usingizi. Nikafurahi. Nitalala huko huko angani.

Sasa jamani, Tanga na Pemba, uwanja kwa uwanja, ni kama kilomita 85 tu. Cessna Caravan, kale kandege ka pangaboi moja, hukimbia karibu kilomita 300 kwa saa. Piga hesabu: dakika 20 hivi. Daladala ya Mabokweni siku ya foleni inachukua zaidi ya hapo. Mimi kidonge nimekimeza pangaboi lishaanza kuzunguka!

Tukapaa. Minazi, maji ya kijani, maji ya buluu, nikafumba macho kungoja usingizi. Nafumbua, mikarafuu hii hapa, rubani anagusisha magurudumu ardhini. Kidonge bado kiko njiani.

Kiliwasili Chake Chake, barazani ukweni.

Wazee wamejipanga mkekani, kanzu zimenyooka, kahawa inamiminwa, sahani ya halwa iko mbele yangu. Babu wa bibi harusi kushoto kwangu. Nikatoa salamu, nikaanza, "Wazee wetu, sisi tumekuja..." Ulimi ukawa mzito. Kope ya kulia ikashuka. Nikaipandisha, ikashuka ya kushoto. Nikajifinya paja chini ya kanzu. Paja lilisikia, kope hazikusikia. Rafiki yangu ananikoholea, mimi namsikia kwa mbali kama yuko Unguja. Kofia ikateleza taratibu, ikatua kwenye halwa. Kichwa nacho kikaegemea bega la babu, na bega, naapa, lilikuwa laini.

Babu hakusogea. Akauliza kwa upole, "Haya bwana mshenga, mmejia nini kwetu?"

Nikajibu kwa sauti ya kujaza nyumba, macho nimefumba:

"Kiti cha dirishani."

Kwanza kimya. Halafu nyuma ya pazia mtoto akapasuka kicheko, wakafuata kina mama, mpaka mmiminaji kahawa akaweka birika chini.

Nikabebwa chumba cha uani. Nimeamka Alasiri, posa imekubaliwa, rafiki yangu kamaliza maneno yote yeye, na kofia yangu imefuliwa inaanikwa. Harusi nimealikwa. Ila babu kaagiza nikae na wapishi, na kuongea ataongea mjomba, hata kama hajapona.