Viboko Vinne au Kilo Sita za Korosho

Msimu uliopita, wavulana watatu wa kidato cha pili katika shule moja ya wilaya ya Tandahimba waliingia shamba la shule alfajiri, wakaokota korosho, wakazitenganisha na mabibo yake na kumuuzia mnunuzi wa kangomba, yule anayepima kwa bakuli ili asipitie chama cha msingi cha ushirika. Zilikadiriwa kuwa kilo sita. Walipojulikana, walimu tuligawanyika.

Kundi la kwanza lilitaka wachapwe. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu kwa kosa kubwa: viboko visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye daftari. Siwabezi wenzangu hao. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani na rundo la madaftari ya kusahihisha hana muda wa kukaa na kila mkosaji. Na wazazi wenyewe wanatuambia, "Mchape tu mwalimu, mimi kanishinda."

Lakini mmoja wa wavulana wale alinifuata akaniuliza taratibu, "Mwalimu, si tuchapwe tu yaishe?" Hakuwa anatetemeka. Alishapiga hesabu, akaona viboko vinne ni bei anayoimudu. Hapo ndipo nilipoingia kundi la pili: wazirudishe kilo sita kwa mikono yao, na waseme walichofanya mbele ya walioumia kwa kosa lao.

Njia hii nayo ina matatizo yake, na moja bado linanisumbua. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa darasa, mahali pa heshima. Ukimpeleka mkosaji huko kupalilia, unawafundisha wengine mia tatu kwamba jembe ni adhabu. Kwa hiyo tulikubaliana wasilime. Wangeokota Jumamosi mbili, wapime wenyewe kwenye mizani, na mzigo uende chama cha msingi pamoja na korosho nyingine za shule. Mzazi mmoja alikuja na fedha mkononi amlipie mwanawe. Tulimrudishia kwa adabu, ingawa haikuwa rahisi. Alikuwa baba anayemwonea mtoto wake huruma.

Wapo waliosema tunawaonea watoto. Kangomba wameikuta kwa watu wazima. Kuanzia Oktoba hadi Desemba baadhi yao hukosa vipindi kwa sababu nyumbani wanahitajika mashambani. Jandoni mvulana ameambiwa amekuwa mtu mzima, shuleni anasimamishwa kama mtoto, nyumbani ni kibarua. Atawajibika kwa lipi? Hoja hii ina uzito, na shule inayoipuuza inamdhulumu mwanafunzi. Kijana wetu wa tatu hakumaliza kazi yake: Jumamosi ya pili baba yake alimpeleka shambani kwao. Tulimwita baba, hatukumwita mtoto.

Hata hivyo siikubali hoja hiyo yote. Dhiki inanieleza kwa nini kijana aliziokota. Hainielezi kwa nini alinyamaza wakati mlinzi, mzee aliyekesha usiku ule, alipoitwa ofisini na kutuhumiwa wizi. Kunyamaza kule hakukuletwa na njaa, na hakuna kiboko kingeweza kukufikia. Ndiyo maana, kwangu, kilo sita zilikuwa sehemu ndogo ya deni.

Yule aliyeniomba achapwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kwa mzee huyo. Nilisimama mbali kidogo, karibu na tangi la maji.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Akaeleza, huku akikunja na kukunjua ncha ya shati lake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Siku ile naitwa ofisini, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa dirishani, babu. Nilisikia yote."