Bamvua, Boriti na Masomo Yanayowaangusha Wanafunzi wa Uhandisi

Vijana wetu wanaosomea uhandisi bara wakirudi Lamu kwa likizo, ubishi huwa ni uleule barazani: somo lipi gumu kuliko yote? Wa mitambo hutaja thamodainamiki, yaani somo la joto na nishati, na mekanika ya viowevu. Wa umeme huapa kwamba hakuna linalofikia umemesumaku, labda somo la ishara na mifumo. Wa ujenzi hulia na uchanganuzi wa miundo. Safari hii nimekaa nao jioni kadhaa, nikagundua kwamba wanabishania jambo jingine kabisa. Wapo wanaoamini ugumu umo ndani ya somo lenyewe, hesabu zake ni nzito na asiye na msingi ataanguka. Na wapo wanaosema somo halina neno, tatizo ni kwamba fomula huletwa kwanza na maana huja baadaye, au haiji kabisa.

Kundi la kwanza lina hoja ya kweli. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa Kenya, ulioanza mwaka 1985, uliondoa kidato cha tano na cha sita. Tangu hapo kijana hutoka kidato cha nne na kalkulasi kidogo aliyoipata mwishoni mwa silabasi, akaingia moja kwa moja katika shahada ya miaka 5. Haupiti muda mrefu anatakiwa kutatua milinganyo ya Navier na Stokes, inayoeleza mwendo wa maji na hewa. Milinganyo hiyo si mizito kwa mwanafunzi tu. Mwaka 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani iliahidi dola milioni 1 kwa atakayethibitisha, au kukanusha, kwamba daima ina majibu yaliyo laini, yasiyokatika ghafla, na zawadi hiyo mpaka leo haijachukuliwa. Kumwambia kijana kwamba somo hili ni jepesi ila mwalimu hajui kulifundisha ni kumdanganya.

Hata hivyo, kuna kitu kilinishtua. Mmoja wao, mtoto wa mvuvi, alikuwa amerudia mtihani wa ishara na mifumo. Kilichomshinda ni Fourier, yule Mfaransa aliyeonyesha kwamba wimbi lenye umbo tata linaweza kuvunjwa likawa jumla ya mawimbi mepesi. Alikuwa amekariri fomula zote. Nikamuuliza kwa nini kuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Akajibu bila kufikiri: bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mafu ni mwezi nusu. Sawa, lakini kwa nini?

Mwezi huvuta bahari na kuleta wimbi linalorudi kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Jua nalo huleta lake, dogo zaidi, linalorudi kila saa 12. Mawimbi hayo mawili hayaendi sawa. Siku yanapokutana vilele kwa vilele, maji hujaa sana na kupwa sana. Wiki moja baadaye kilele cha moja huangukia bonde la jingine, bahari ikapoa. Toka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi. Ukiandika kina cha maji gatini kila saa kwa mwezi mzima, kisha ukaipitisha orodha hiyo kwenye hesabu za Fourier, wimbi la mwezi na la jua yatajitenga yenyewe. Ndiyo kazi aliyoifanya mwanafizikia Kelvin kule Uingereza miaka ya 1870, alipounda mashine ya kutabiri maji kujaa na kupwa. Kijana wetu amekulia ndani ya mfano bora wa somo lake, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia.

Boriti pia. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi hauzidi mita 3, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko. Mwanafunzi wa ujenzi hufundishwa kwamba boriti iliyobeba mzigo uliotandazwa sawasawa, ukiurefusha mwanya wake mara mbili, itabonyea mara 16. Fundi wa kale hakuiandika hesabu hiyo, ila aliitii katika kila nyumba aliyoijenga.

Lakini hapa ndipo ninapowarudia wale wa kundi la kwanza, na sisemi hivi ili kumridhisha kila mtu. Ujuzi wa fundi ulikomea kwenye mkoko. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, lililoanza kazi Mei 2021, halikujengwa kwa kukadiria kwa macho. Anayetaka kazi pale lazima aweze kuhama kutoka boriti hadi chuma na zege, na chombo cha kumhamisha ni ile hesabu anayoichukia. Mfano wa nyumbani humwonyesha anachokihesabu. Kuhesabu kwenyewe kunabaki kwake, kwa daftari na usiku mwingi.

Kwa maoni yangu, basi, picha itangulie, na hesabu isipunguzwe hata kidogo. Ila lipo somo moja linaloishinda rai yangu, nalo ni umemesumaku. Nilijaribu kumweleza yule kijana mzunguko wa uga, yaani jinsi nguvu ya umeme au ya sumaku inavyozunguka mahali, kwa jani linalozungushwa na maji nyuma ya nguzo ya gati. Akaelewa, akafurahi. Kisha akaniuliza: wimbi la redio linapopita mahali pasipo na maji wala hewa, ni nini kinachozunguka? Sikuwa na jani la kumwonyesha. Maxwell mwenyewe, mwenye milinganyo ya umemesumaku, mwaka 1861 alianza kwa kufikiria vizunguko vidogo vilivyojaa angani. Katika andiko lake la mwaka 1865 aliviacha, akabaki na milinganyo mitupu.